Kontua za Menengai kwenye pikapu: stika zilizobanduka kwenye boneti na zilizodumu milangoni

Usuli

Gari ni pikapu ya dabo kebin ya 4x4, bodi ya chuma, rangi ya kaki. Siku za kazi hubeba vifaa. Wikendi hupanda ukingo wa Menengai, hupita Solai, na mara mojamoja huteremka hadi Baringo. Majina, namba ya usajili, modeli na mtaa vimeondolewa. Vipimo, vifaa na mfuatano wa mambo vimeachwa jinsi vilivyokuwa, kwa sababu ndivyo vitakavyomfaa anayetaka kuifanya kazi hii kwa mikono yake.

Mwenye gari, mkazi wa Nakuru, hakutaka picha ya simba wala maandishi. Alitaka ramani: kreta ya Menengai kwa mistari ya kontua, ile inayounganisha sehemu zenye mwinuko sawa, kijivu iliyoiva isiyong'aa, ikitandazwa juu ya boneti. Ni wazo zuri, na umbo lenyewe linastahili. Kreta ina upana wa takriban kilomita 12 kwa 8, ukingo wake wa juu kabisa uko mita 2,278 juu ya usawa wa bahari, na ukuta unashuka karibu mita 485. Ukiichora kwa kontua unapata pete iliyobonyea ambayo mtu wa Nakuru huitambua bila kuambiwa jina.

Msaidizi wake alikuwa fundi wa stika mwenye miaka mingi kwenye matatu. Uzoefu huo una uzito wake katika kisa hiki. Stika ya matatu ni herufi pana na mapande makubwa ya rangi. Gundi ni nyingi na kingo ni chache. Ramani ya kontua ni kinyume kabisa: vinili (ile plastiki nyembamba yenye gundi) kidogo, kingo nyingi, ncha nyingi. Mkono uliozoea kazi ya kwanza haujajua ya pili.

Hali ya gari: boneti ilikuwa imepakwa rangi upya siku 9 tu kabla, baada ya kunyooshwa na kujazwa filla. Ilikuwa rangi ya 2K, ile inayochanganywa na hadena, iliyokaukia chini ya mabati bila oveni. Milango yote minne ilikuwa bado na rangi ya kiwandani.

Kuipata ramani

Hatua ya kwanza ilikuwa kuskani ramani ya karatasi ya 1:50,000 na kuiacha programu ifuate mistari yenyewe. Haikufaa. Programu haikutofautisha kontua, barabara, mito na namba za mwinuko. Mistari ilishikana kila ilipokaribiana, na faili likawa na maelfu ya vinundu vidogo ambavyo kisu cha plota, mashine ya kukatia stika, hutetemeka juu yake. Tena, ramani za Survey of Kenya zina hakimiliki, na gari linalotembea barabarani ni mahali pa wazi kuliko pote.

Wakahamia kwenye vipimo vya mwinuko vya SRTM, vilivyokusanywa na chombo cha anga cha Endeavour mwezi Februari 2000. Vinapatikana bure kwa hatua ya takriban mita 30. Kwenye QGIS, programu ya ramani ambayo pia ni bure, walilainisha vipimo kwanza ndipo wakatoa kontua. Mpangilio huo ni muhimu: ukitoa kontua kabla ya kulainisha, kila mstari unakuwa na meno kama msumeno. Kisha faili likapelekwa Inkscape, programu ya kuchora.

Hapo Inkscape kuna mtego unaowapata wengi. Plota haikati unene wa mstari. Inakata njia tu. Mstari uliochorwa kwa unene wa mm 3 kwenye skrini, usipogeuzwa kuwa umbo lenye kingo mbili, utatoka kama mkato mmoja mwembamba wa wembe na hakuna cha kubandika. Baada ya kugeuza, maumbo yanayogusana yaunganishwe yawe kitu kimoja, la sivyo kisu kinakatiza mstari kila unapokutana na mwenzake.

Jaribio la kwanza: boneti

Mwezi ulikuwa Januari, kiangazi. Kipimo kilichochaguliwa ni 1:10,000, hivyo kilomita 12 za kreta zikajaa mita 1.2 ya boneti. Ngazi ya kontua, yaani tofauti ya mwinuko kati ya mstari na mstari, ilikuwa mita 20, kama ilivyo kwenye ramani ya karatasi, na unene wa mstari mm 1.2. Vinili ilikuwa ile ya kawaida ya mabango, inayotengenezwa kwa kukandamizwa kati ya rola.

Kuchambua, yaani kung'oa vinili isiyotakiwa ili mistari ibaki, kulichukua zaidi ya saa nne. Ukutani mwa kreta, mahali ambapo ardhi inashuka mita 300 ndani ya mita 400 za mlalo, mistari 15 ilibanana kwenye upana wa sm 4. Hiyo ni mm 2.7 kwa kila mstari pamoja na pengo lake: mm 1.2 za mstari, mm 1.5 za hewa. Ncha ya kibanio iliinua mistari pamoja na taka, na mingine ilivutika ikawa mirefu kuliko ilivyokatwa. Iliwekwa tena kwa mkono, kwa kukisia.

Boneti ilioshwa kwa sabuni, ikapanguswa. Maji ya kubandikia yalitiwa sabuni ya vyombo bila kupima, hadi yakatoa povu. Stika ikateleza vizuri, ikawekwa, ikasukumwa kwa skwiji (kibapa cha kusukumia maji na hewa), na tepu ya kuhamishia, ile inayobeba mistari hadi kwenye bodi, ikavutwa baada ya dakika kama kumi. Mistari kadhaa ilifuata tepu. Ikarudishwa kwa kidole. Jioni hiyo, ukiitazama kutoka mita tano, ilipendeza sana.

Siku 20 zilizofuata

Siku ya pili, kufikia saa saba mchana, boneti ilikuwa na malengelenge. Yalikuwa madogo, ukubwa wa punje ya ndengu, na yalijipanga chini ya vibandiko vipana zaidi: namba za mwinuko na alama ya dira, siyo chini ya mistari myembamba. Fundi aliyatoboa kwa sindano akasukuma hewa itoke. Siku iliyofuata yalirudi, mengine mahali palepale pa tundu la sindano. Hii ndiyo dalili ya kuikumbuka. Hewa iliyonaswa wakati wa kubandika ukiitoboa haizaliwi tena. Lengelenge linalorudi linalishwa kutoka chini, na cha kulilisha hapa kilikuwa thina iliyokuwa bado inatoka ndani ya rangi mpya.

Siku ya nane gari lilipanda Menengai. Vumbi la njia ile ni laini mno, na liliingia kila ukingo uliokuwa umeinuka hata kidogo. Ukisogeza jicho karibu, kila mstari ulikuwa na mpaka mweusi kama wa masizi pande zote mbili: gundi iliyochungulia nje na kushika vumbi. Ndani ya kona kali za kontua, vinili ilikuwa imejivuta ikaacha gundi tupu, kama nusu milimita.

Siku ya kumi na moja gari lilioshwa kwa mashine ya presha, mdomo wa bomba ukiwa karibu kiasi cha kiganja. Ncha zaidi ya thelathini ziliinuka kwa mkupuo mmoja. Siku ya ishirini mwenye gari akaamua zitolewe zote.

Kubandua, na njia zilizokataliwa

Kulikuwa na mapendekezo mawili ya kuokoa kazi, na yote mawili yalikataliwa kwa sababu za haki. La kwanza lilikuwa kupuliza klia (rangi angavu ya kumalizia) juu ya stika ili kuzifungia. Thina ya klia hushambulia vinili na kuikunja kingo, na rangi ya chini ilikuwa bado haijamaliza kupumua. Kuifunika kungeongeza malengelenge. Zaidi ya hayo, stika iliyofungiwa chini ya klia haitoki tena bila msasa. La pili lilikuwa kurudishia ncha kwa gundi ya haraka, ile ya kuunganisha plastiki. Inakauka ngumu kama kioo na kuacha alama nyeupe kwenye rangi.

Stika zilipashwa kwa blodraya ya saluni mpaka zikawa vuguvugu kwa mkono, kisha zikavutwa polepole zikiwa zimekunjwa kurudi nyuma. Gundi iliyobaki ilitolewa kwa spiriti na kitambaa. Kwenye kona moja msaidizi alitumia thina, na rangi mpya ikalainika mara moja. Alama ya kitambaa ikabaki mle kama kidole kwenye siagi. Kona hiyo ilisubiri wiki kadhaa kabla ya kupigwa polishi.

Uamuzi mkubwa ulikuwa kuhamisha ramani kutoka boneti kwenda milangoni. Sababu tatu zilitajwa. Rangi ya kiwandani imeokwa na haitoi tena thina. Mlango ni wima, haupigwi na jua la utosini siku nzima kama boneti, wala haupashwi na injini kutoka chini. Na eneo la milango miwili, karibu mita 1.8 kwa sm 50, linaipokea ramani ndefu.

Jaribio la pili: milango

Kabla ya kuchora chochote, ubavu ulipimwa mara mbili. Kwanza, tepu ya karatasi ya mafundi wa rangi ilikandamizwa pale chini ya mlango ambapo paliwahi kukwaruzwa, ikavutwa kwa nguvu, rangi haikutoka. Pili, kipande cha vinili cha sm 10 kwa 10 kilibandikwa, gari likaachwa juani siku mbili. Hakikutoa lengelenge. Kipande kama hicho kilichobandikwa kwenye boneti siku hiyohiyo kilitoa manne.

Mchoro ulibadilishwa hivi. Kipimo kilibaki 1:10,000, na sehemu ya kreta isiyoingia kwenye sm 50 za kimo ikaachwa nje, lakini ngazi ya kontua ikawa mita 50. Ule ukuta wa mita 300 sasa una mistari 6 ndani ya sm 4, yaani mm 6.7 kwa kila mmoja. Mistari ya kawaida ilipewa mm 3, na ile ya kila mita 200 mm 5. Pengo dogo zaidi lililoruhusiwa ni mm 3. Kontua zilizokaribiana kuliko hapo zilisogezwa kwa mkono au ukaondolewa mmoja. Ni uongo mdogo wa ramani, na wachoraji ramani wenyewe huufanya. Kila ncha ilizungushwa, kila kona kali ikapewa mviringo. Namba hazikupungua urefu wa mm 20. Mistari ilikatishwa mm 5 kabla ya mwisho wa mlango, kwa kuwa ukingo wa mlango hushikwa na vidole kila siku.

Upande wa kushoto ulibeba Menengai. Upande wa kulia kulikuwa na wazo la kugeuza mchoro uleule kama kwenye kioo ili gari lilingane. Kreta iliyogeuzwa si Menengai tena, ni shimo la nchi isiyokuwepo, na mwenye gari alikubali hilo haraka. Kulia likawekwa Ziwa Nakuru na miinuko inayolizunguka. Hapo pakatokea swali ambalo mtu wa Mombasa asingelifikiria: ufuo upi? Ziwa limepanda sana tangu miaka ya mwanzo ya 2010, hata lango kuu la zamani la mbuga likafunikwa na maji, ilhali vipimo vya SRTM ni vya 2000. Kuchora fuo zote mbili kulipendeza kwenye karatasi, lakini upande wa magharibi, penye Baboon Cliff, ardhi inapanda ghafla na mistari ile miwili ingelaliana. Ukachorwa ufuo mmoja wa sasa kutoka picha ya setilaiti, na mwaka wa picha ukaandikwa kando.

Vinili ilibadilishwa kuwa ya kasti, ile inayotengenezwa kwa kumimina badala ya kukandamiza. Mita 4 za upana wa sm 61 zilitosha pande zote mbili na kubakisha akiba. Plota iliwekwa kisu cha nyuzi 45 na mwendo wa taratibu. Kwanza mraba mdogo wa majaribio, ambao unapaswa kuchambuka bila karatasi ya nyuma kukwaruzwa hadi kupasuka. Ndani ya mapengo marefu fundi aliongeza mikato midogo ya kukatiza taka, kila sm 20, bila kugusa mistari yenyewe. Pete ndefu ya taka ikatoka vipande vipande badala ya kuburuta mistari nayo. Kuchambua upande mmoja kulichukua dakika 70.

Siku ya kubandika, mchoro ulitolewa kwanza kwa karatasi kwa ukubwa kamili, ukatundikwa mlangoni kwa tepu na kutazamwa kutoka mbali. Ulikuwa juu mno. Ukashushwa sm 4 ili vitasa visiikate kontua ya ukingo. Alama za msalaba kwa penseli ya nta ziliwekwa pande zote mbili za ufa wa milango, ili mistari ya mlango wa mbele iingiane na ya nyuma.

Kazi ilianza saa nne asubuhi. Kabla ya hapo Nakuru bado ni baridi, na chini ya nyuzi joto 10 vinili hukakamaa na gundi haishiki. Saa nane mchana nayo chuma huwa moto na gundi huganda palepale inapogusa. Sakafu ya kibanda ilinyunyiziwa maji ili vumbi lisiruke. Milango ilioshwa, ikakaushwa, kisha ikapanguswa kwa spiriti mara mbili, kila mara kwa kitambaa kipya. Kitambaa cha kwanza kilitoka na utelezi wa ile dawa ya kung'arisha ambayo waosha magari hupaka dashibodi na kumalizia milangoni. Ina silikoni, na gundi haikai juu yake.

Maji ya kubandikia: nusu lita, matone mawili ya sabuni ya vyombo, basi. Kila kipande kilifungwa katikati kwa tepu kama bawaba, nusu moja ikafunuliwa karatasi yake, ikalazwa na kusukumwa kuanzia bawabani kwenda nje. Halafu nusu ya pili. Waliacha saa moja kamili. Tepu ya kuhamishia ilivutwa ikiwa imelala karibu sambamba na mlango, na mstari uliotaka kuifuata ulirudishwa chini pamoja na tepu, ukasukumwa tena, kisha kuvuta kukaendelea. Mwisho kila ncha ilipashwa blodraya na kukandamizwa kwa kidole chenye kitambaa.

Gari halikuoshwa kwa siku tatu, wala kupigwa presha kwa wiki mbili. Kibandiko cha 80 KPH, viakisi mwanga na maandishi ya uzito havikuguswa, na rangi ya kaki iliyoandikwa kwenye logbuku imebaki ndiyo inayoonekana kwanza.

Matokeo baada ya miezi 7

Mvua za masika zimepita juu yake, pamoja na safari zisizopungua kumi za vumbi. Mistari ya nusu ya juu ya milango ni mizima yote. Hakuna lengelenge, na mpaka mweusi wa vumbi hauonekani isipokuwa ukiutafuta kwa kucha.

Palipoharibika ni sm 15 za chini za milango ya mbele, nyuma tu ya gurudumu. Mawe yanayorushwa na tairi yametoboa mistari na kuing'oa vipande vya sm 2 hadi 5. Ncha mbili za mlango wa nyuma kulia zimeinuka pia. Zote mbili ziko mahali ambapo mstari unavuka mkunjo wa bodi.

Uchambuzi

Rangi mpya ndiyo iliyoiua kazi ya kwanza upesi zaidi. Rangi iliyokaukia hewani ingesubiri angalau mwezi, na zaidi pale iliporundikwa nene juu ya filla. Kile kipande cha sm 10 cha majaribio kingesema ukweli huo kwa siku mbili na kwa vinili isiyofika hata ukurasa wa daftari.

Lakini hata juu ya rangi nzuri, mistari ya mm 1.2 isingedumu kwenye gari la vumbi, na hapa ndipo fundi wa matatu alipokosea bila uzembe wowote. Stika hufa kutoka ukingoni. Tuseme vumbi na maji vinadhoofisha gundi kwa mm 0.3 kila upande. Mstari wa mm 1.2 umepoteza nusu ya gundi yake. Wa mm 3 umepoteza moja kwa tano. Herufi ya matatu yenye upana wa sm 8 haijapoteza kitu. Kosa lilelile la kuosha, vumbi lilelile, matokeo mbalimbali kabisa. Kwa hiyo ngazi ya mita 50 haikuwa suala la mapambo. Ndiyo iliyonunua nafasi ya kuunenepesha mstari.

Vinili ya rola ilichangia kwenye kona. Inapotengenezwa huvutwa, na juani hutaka kurudi ilivyokuwa. Kwenye pande kubwa mnyweo huo hauonekani, kwenye mstari mwembamba uliopinda huvuta upinde unyooke. Vinili ya kasti haijavutwa, ndiyo maana ni ghali zaidi na ndiyo maana inafaa hapa.

Sabuni nyingi na subira ndogo kabla ya kuvuta tepu zilikuwa makosa ya kawaida, yaliyorekebishika siku hiyohiyo.

Uamuzi mmoja wa jaribio la pili haukuwa sahihi: kuteremsha mchoro sm 4 kwa sababu ya vitasa bila kuangalia njia ya mawe. Karatasi ya ukubwa kamili ilitazamwa kwa uzuri tu. Alama za mawe zilikuwepo tayari kwenye rangi ya mlango, zikionyesha wazi mpaka wa juu wa eneo linalopigwa, na zingepimwa kwa rula. Kontua za chini zingekomea hapo. Mikunjo ya bodi nayo ilihitaji mstari ukatwe kwa wembe kwenye bonde la mkunjo na kuacha mwanya wa mm 1, badala ya kuutandaza kama ngozi ya ngoma.

Mabaki ya vinili ile yamehifadhiwa yakiwa yameviringishwa, si kukunjwa, pamoja na faili la kukatia. Sehemu ya chini ya milango ya mbele itabanduliwa na kukatwa upya, safari hii mistari ikiishia sm 16 kutoka chini. Boneti imebaki tupu.